Lenzi ya kamera ya joto isipoteze fokasi juani: piga hesabu kabla ya kuchonga kasha

Mwenzangu kazini aliondoa lenzi ya jemaniamu kwenye kamera ya joto, akaweka ya kioo cha kalkojenidi (kioo chenye elementi kama seleniamu, kinachopitisha mionzi ya joto) kwa kuwa alisikia haisumbuliwi na joto. Adhuhuri picha ikafifia vilevile. Kioo hakikuwa na kosa. Hesabu tuliyoifanya ni hii, kwa lenzi moja ya milimita 50, f/1, iliyowekwa fokasi kwa nyuzijoto 20 na kufanya kazi kwa nyuzijoto 60. Programu za kubuni lenzi ziache kwanza, daftari linatosha.

Hatua ya 1: Namba za kioo

Chukua tatu: kipimo cha kupinda mwanga (n), badiliko lake kwa kila nyuzijoto (dn/dT) na kiwango cha kutanuka (α). Kwa mawimbi ya mikromita 10, kioo cha As40Se60, yaani aseniki na seleniamu, kina n 2.78, dn/dT karibu 32×10⁻⁶ na α 20.7×10⁻⁶. Jemaniamu: n 4.0, dn/dT karibu 400×10⁻⁶, α 6×10⁻⁶.

Hatua ya 2: Fokasi inasogea kiasi gani

Tafuta α − (dn/dT)/(n−1), kisha zidisha kwa urefu wa fokasi na tofauti ya joto. Jemaniamu inatoa −127×10⁻⁶: fokasi inarudi nyuma, kuelekea lenzi, robo milimita nzima. As40Se60 inatoa +2.7×10⁻⁶, sawa na mikromita 5 kwenda mbele.

Usishangilie bado. Hiyo 2.7 ni 20.7 kutoa 18, namba mbili kubwa zinazokaribia kumezana. Kama dn/dT halisi ni 42 badala ya 32, alama inageuka kuwa hasi. Kwa hiyo namba zote zitoke kwa mtengenezaji wa kioo hichohicho, kwa mawimbi yako na joto lako. Kuokota n huku na dn/dT kule ni kujitafutia balaa. Wala usidhani kalkojenidi zote ni sawa: zenye jemaniamu ndani, kama Ge33As12Se55, hazikaribii sifuri hivyo.

Hatua ya 3: Kiasi kinachovumilika

Fokasi ikikosea kwa ±2λN² au chini ya hapo, picha bado ni kali; λ ni urefu wa wimbi (mikromita 10) na N ni namba ya f ya lenzi (hapa 1). Kwetu ni mikromita 20 kila upande.

Hatua ya 4: Kasha

Hapa ndipo watu wanaporuka. Kasha, yaani bomba linaloshika lenzi na sensa (kipokezi cha picha), likiwa la alumini (23.6×10⁻⁶) linatanuka mikromita 47 kwa zile milimita 50, likiisukuma sensa mbali na lenzi. Fokasi imeifuata kwa 5 tu. Pengo ni 42, zaidi ya mara mbili ya ruhusa. Kasha la titani (8.6×10⁻⁶) linatanuka 17, pengo linabaki 12, umepona. Inva, aloi ya chuma na nikeli isiyotanuka sana, inakaribia zaidi, ila ni nzito na inashika kutu. Mimi nachukua titani.

Urefu unaohesabika ni ule wa kutoka pale lenzi ilipokalia hadi sensa, kufuata njia ya chuma, si urefu wa kasha zima. Ukikuta pete ya alumini katikati ya njia hiyo, ihesabu peke yake.

Hatua ya 5: Jaribu kwenye tanuri

Pandisha joto polepole. Kioo hiki hupitisha joto vibaya mno, karibu 0.24 W/mK dhidi ya 60 hivi za jemaniamu, kwa hiyo chuma kitafika 60 wakati kiini cha lenzi kingali nyuma. Ukipima mapema utalaumu namba zisizo na hatia. Subiri picha iache kubadilika. Lenzi ikichafuka usiifute kwa shati, ni laini na inachubuka, wala usitumie dawa ya vioo yenye amonia.

Kisha tafuta fokasi upya. Ukilazimika kuisogeza lenzi kuelekea sensa zaidi ya zile mikromita 12, na vipimo vya kasha ni sahihi, dn/dT ya kioo chako ni kubwa kuliko ulivyoandika. Ikibidi kuipeleka mbali na sensa, ni ndogo. Rudi hatua ya 2 na namba hiyo mpya.