Kimbunga kikitangazwa: shamba, kisima na chungu

Mwaka 2024 Kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia Mei 4, wakati wengi Pwani wanaamini msimu umeshapita, kwa kuwa vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi huja zaidi kati ya Novemba na Aprili. Upepo ulidhoofika ulipokaribia nchi kavu. Mvua ndiyo iliyoleta balaa: barabara ya kwenda Lindi ilikatika Kilwa. Kwa mkulima, basi, adui mkubwa ni maji.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, usingoje uone wingu. Mpunga uliogeuka njano kwa asilimia 80 hadi 85, vuna. Ufuta uliokwisha kukatwa, uingize ndani. Kisha tazama sakafu ya chumba: kwa wenye mikorosho, salfa na dawa nyingine za kupulizia miti mara nyingi zimekaa hapo, ubavuni mwa gunia la unga. Zifunge kwenye plastiki, zipandishe juu, mbali na chakula. Jaza maji ya kunywa kwenye madumu, ila lile lililowahi kubeba dawa lisitumike hata likisuuzwa mara kumi. Mbuzi wapelekwe mwinukoni, wala wasiachwe wamefungwa kamba.

Kimbunga kikishaanza kuvuma, kaa kwenye jengo imara, mbali na minazi na miembe. Upepo ukitulia ghafla usitoke kutafuta mifugo; huenda jicho la kimbunga linapita juu yenu, na upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande mwingine. Maji ya mkondo usiyavuke, hata yakiwa chini ya goti.

Kazi ngumu ni wiki zinazofuata. Kisima kilichoingiwa na mafuriko kimepokea pia maji ya chooni. Chemsha maji hadi yatokote, au tumia vidonge vya klorini, mpaka bwana afya akitibu kisima. Lakini kuchemsha huua vimelea tu, hakuondoi sumu ya viuatilifu. Kama dawa zilisombwa karibu na kisima, chota kwingine.

Muhogo uliozama huoza upesi, kwa hiyo ung'oe mapema. Ule mchungu usifupishiwe hatua kwa sababu ya njaa: umenye, uloweke, uanike mpaka ukauke kweli. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu kwa konzo, ugonjwa uletwao na sumu ya muhogo mchungu, ukame ulipowasukuma kula muhogo mchungu uliokaushwa harakaharaka. Mahindi yaliyolowa yaanike juu ya turubai, na yenye ukungu usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na huko hakukuwa na kimbunga.

Ukisafisha shamba vaa buti na ufunike vidonda, maana matope huficha nyoka na mkojo wa panya wenye vimelea vya ugonjwa. Mbuzi au ng'ombe wakianza kutupa mimba, yaweza kuwa Homa ya Bonde la Ufa, itokanayo na mbu wanaozaliana kwenye madimbwi. Mwite mtaalamu wa mifugo, na usiwachinje wala kuwagusa mikono mitupu.

Minazi iliyoanguka isiachwe ioze. Mdudu wa minazi aitwaye chonga hutaga kwenye magogo hayo, kisha hutoboa minazi iliyosimama. Pasua mbao zinazofaa, mabaki yachome yakishakauka.