Risasi ya kuwindia kulungu: ujue hili kabla ya Novemba

Kila ikifika Oktoba, simu huanza. Kuna anayeuliza leseni inapatikana wapi. Kuna aliyealikwa na mwenzake wa kazini kwenda porini kaskazini mwa jimbo la Minnesota, hapa Marekani. Na kuna aliyesimama dukani mbele ya rafu iliyojaa pakiti za risasi, hajui ashike ipi. Huyo wa mwisho ndiye ninayemwandikia leo.

Wengi wetu hatukukulia kwenye uwindaji. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Tanzania unaruhusiwa kwa leseni, ila mtu wa mjini anaweza kuzeeka bila kumwona mwindaji. Tunafika huku, na tunachokijua kuhusu risasi ni kile cha askari na cha taarifa za habari. Ndicho kinachotupoteza.

Karatasi kwanza

Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kuwa na bunduki au risasi mikononi mwake. Uko mlango wa kupitia: awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye ukaazi wa kudumu hazuiwi na kifungu hicho. Asiye na hati kabisa amezuiwa. Ndugu zangu, kusema "nimeazimwa tu" hakumwokoi mtu, kwa sababu sheria inaangalia nani ameishika, haiangalii nani ameinunua. Kosa la bunduki linaweza kumfukuzisha mhamiaji nchini. Kama hadhi yako ina utata wowote, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla hujagusa chochote.

Minnesota pia inamtaka kila aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha ndipo auziwe leseni ya kuwinda kwa bunduki. Msimu wa bunduki ukifika, kofia na nguo ya juu lazima ziwe za rangi ya chungwa inayong'aa au waridi inayong'aa. Yafuate haya bila kubishana.

Risasi ya vita si risasi ya porini

Risasi ya kijeshi imefunikwa shaba kuanzia nchani, nayo hupita mwilini bila kubadilika sana. Haikuwa bahati mbaya. Mwaka 1899, mataifa yaliyokutana The Hague yalikubaliana kutotumia vitani risasi zinazotanuka ndani ya mwili wa binadamu. Waliokulia kwenye maeneo yaliyopitiwa na vita, Kongo au Burundi, hiyo ndiyo risasi waliyoijua, na ndiyo rahisi zaidi kwa bei ukiikuta dukani.

Kwa kulungu mambo ni kinyume kabisa. Risasi isiyotanuka hutoboa tundu jembamba, mnyama akakimbia mbali na kufa polepole kichakani, wewe usimpate. Ndiyo maana Minnesota inataka risasi ya kulungu iwe na ncha laini au iwe ya aina inayotanuka, na iwe na kipenyo kisichopungua inchi 0.22. Walioko Uingereza wana kipimo kikali zaidi. Sheria ya kulungu ya mwaka 1991 inadai kipenyo cha inchi 0.240 na nguvu ya jouli 2,305 kwenye mdomo wa mtutu, isipokuwa kwa aina mbili za kulungu wadogo, na ncha iwe laini au yenye tundu.

Sasa tuone kinachotokea. Chukua risasi ya .308 Winchester (namba hiyo ni kipenyo kwa inchi), ambayo utaikuta karibu kila duka. Kichwa chake, yaani kile kipande kinachoruka, cha greni 150 au gramu 9.7, hutoka mtutuni kwa kasi ya mita kama 860 kwa sekunde, mara mbili na nusu ya kasi ya sauti. Kikigusa mwili, ncha hurudi nyuma na kuchanua kama ua, upana ukakaribia mara mbili. Kichwa kilichochanua husukuma na kuchana nyama pembeni mwa njia yake. Kikipita mapafuni, damu humwagika ndani, shinikizo linashuka, na ubongo unakosa hewa. Mnyama huishiwa kwa sekunde chache.

Sekunde hizo chache ndizo zinazomchanganya mgeni. Kulungu aliyepigwa vizuri mapafuni anaweza kukimbia mita 50, hata 100, kabla ya kulala. Asipoanguka papo hapo si kwamba umemkosa, wala si kwamba risasi ni mbovu. Nimewasikia wengi wakilalamika kwamba risasi "haina nguvu" na mwaka unaofuata wakanunua bunduki kubwa inayowapiga teke begani, wakaanza kufumba macho wanapofyatua. Tatizo halikuwa nguvu.

Kasi na umbali ndivyo vinavyoamua kichwa kitachanuaje. Kikigonga kwa kasi kubwa mno, kama cha risasi nyepesi kwa karibu, hupasuka vipande kabla hakijafika ndani. Kikifika kimechoka, mbali sana, hakichanui na kinapita kama cha kijeshi. Kulungu wangu wa kwanza nilimpiga kwa mita kama 40, kwa risasi nyepesi yenye kasi kubwa niliyoichagua kwa sababu ya bei. Ilimkuta begani. Alianguka, lakini bega zima liligeuka uji wa damu, na karibu kilo nne za nyama tukazitupa. Iliniuma. Mnyama yule alistahili mtu aliyesoma pakiti kabla ya kulipia.

Aina zilizoko rafuni

Ya kwanza, na ya zamani kuliko zote, ni yenye kiini cha madini ya risasi ndani ya gamba la shaba, ncha ikiachwa wazi. Inachanua kirahisi na ni nafuu. Risasi hii imelisha familia nyingi za huku kwa zaidi ya karne moja. Udhaifu wake ni kumeguka ikigonga mfupa.

Udhaifu huo una historia. Mwaka 1946, mwindaji Mmarekani John Nosler alikuwa Kanada akiwinda mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, na vichwa vya risasi zake vikawa vinapasuka bila kuingia ndani. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati. Nusu ya mbele inachanua, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Wazo hilo linauzwa mpaka leo. Baadaye wakaja waliogandisha kiini na gamba viwe kitu kimoja, visiachane hata vikigonga mfupa. Kwa mwindaji mpya hiyo ni chaguo zuri sana.

Nyingine ina ncha ya plastiki ya rangi, inayovutia macho. Plastiki hiyo hupunguza ukinzani wa hewa na husukumwa nyuma kama kabari ili kichwa kichanue. Usiinunue kwa rangi yake. Ndani yake kunaweza kuwa na kichwa laini mno au kigumu mno. Soma pakiti imeandikwa ni ya mnyama gani. Zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama wadogo waharibifu, zile za kupasuka zikigusa tu, ziache kabisa.

Ya mwisho ni ya shaba tupu, isiyo na kiini. Kampuni ya Barnes iliileta sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980. Hufunguka kama petali nne, haimeguki, na karibu uzito wote unabaki. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo ukitumia .308 chagua greni 130 badala ya 150. Inataka kasi zaidi ili ichanue vizuri, basi usiitumie kwa masafa marefu.

Lugha yetu ina jambo hapa. Sisi tumeliita dude linalotoka bundukini na madini yenyewe kwa neno moja: risasi. Ni kana kwamba kimoja hakiwezekani bila kingine. Leo kinawezekana, na kwa mwenye watoto nyumbani naona ndilo swali kubwa kuliko kaliba, yaani kipenyo.

Kinachobaki ndani ya nyama

Kichwa chenye kiini cha madini ya risasi kinapochanua humwaga chembechembe, nyingine ndogo kiasi kwamba jicho halizioni wala jino halizihisi. Mwaka 2008 idara ya maliasili ya Minnesota ilifyatua aina mbalimbali za risasi kwenye mizoga ya kondoo na kuipiga picha za eksirei. Chembe zilikutwa mbali na tundu la jeraha, nyingine zaidi ya sentimita 30. Mwaka huohuo, jirani zao wa North Dakota waliwaambia wanaogawa chakula kwa wahitaji watupe nyama ya kusaga ya kulungu waliyopewa. California imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Julai 2019 hairuhusiwi kuwinda kwa risasi yenye madini hayo.

Madini haya yanaathiri akili ya mtoto inayokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Mjamzito naye ni hivyohivyo. Nasema haya kwa uzito kwa sababu sisi tunagawana. Kulungu mmoja dume ana kilo kama 77 akiwa mzima, na nyama yake huishia nyumba tano, sita, kwa mama aliyejifungua juzi na kwa watoto wa jirani. Mimi nilihamia shaba tupu kwa sababu hiyo. Pakiti ni ghali zaidi, ndiyo, lakini msimu mzima hutumii risasi tatu kwa mnyama. Ghali ni zile za mazoezi.

Ukiamua kutumia yenye madini, kata nyama kwa ukarimu kuzunguka jeraha na uitupe. Usiisuuze kwa maji. Utafiti huohuo wa Minnesota ulionyesha kuwa maji hupunguza chembe jerahani lakini huzisambaza kwingine.

Pa kulenga, na kusubiri

Lenga mnyama akiwa amesimama ubavu, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Moyo na mapafu viko hapo, eneo la upana wa sahani ya chai hivi. Kichwa cha mnyama ni kidogo na hakitulii, kiache. Akiwa amekupa mgongo kwa mshazari, fikiria risasi itatokea wapi na uelekeze mguu wa mbele wa upande wa pili. Akikuangalia uso kwa uso, subiri.

Kabla ya msimu, nenda uwanja wa shabaha na risasi zilezile utakazowindia. Aina moja haifiki inapofika nyingine, hata zikiwa za uzito sawa. Rekebisha darubini kwa mita 100. Ya .308 ya greni 150 ikifika mita 180 itakuwa imeshuka karibu sentimita 10. Mimi namwambia mwindaji wa mwaka wa kwanza asipite mita 120, na sijaona aliyejutia.

Ukishafyatua, kaa. Tazama alikoingilia. Subiri nusu saa kisha uende pale alipokuwa amesimama. Damu nyekundu ya waridi yenye mapovu ni ya mapafu, atakuwa karibu. Damu nyeusi ni ya ini, mpe muda wa saa nne. Ukiona majimaji ya kijani au unasikia harufu ya tumbo, rudi nyuma kimya na umwachie muda wa saa nane au zaidi. Ukimfukuza mapema ataamka na kwenda mbali, na mateso yake yatakuwa juu yako.

Kwa Waislamu kati yetu, kuna la kuuliza mapema. Bismillahi husomwa wakati wa kufyatua, na ukimkuta yu hai umchinje. Kuhusu aliyekufa kwa risasi, wanazuoni wamehitilafiana: wapo wanaomhalalisha kwa kuwa risasi imetoboa, wapo wasiokubali. Muulize sheikh wako Septemba, usimpigie simu ukiwa umesimama juu ya mzoga. Na ukimkaribia na kisu, pitia mgongoni, kwa kuwa kwato za kulungu aliyejeruhiwa zinaweza kukuvunja mguu.

Nyama ikifika kwa mkataji, mwulize kama anasaga kulungu wako peke yake au anachanganya na wa wengine. Wengi huchanganya, na hapo shaba yako haina faida, kwa kuwa utabeba madini ya mtu usiyemjua. Akisema anachanganya, mwachie paja na minofu ya mgongo tu akukatie vipande, hiyo ya kusaga isagie nyumbani kwa mashine yako. Andika juu ya kila mfuko tarehe, sehemu ya mwili na aina ya risasi iliyotumika, ili utakayempa ajue anampikia mtoto nini.