Mazoezi yasiyohitaji muda wa ziada

Kama umeanza mazoezi ukaacha mara tatu nne, huenda tatizo si uvivu. Huenda ulichagua zoezi usilolipenda, ukalipanga saa isiyo yako. Mimi nilijilazimisha kukimbia alfajiri kwa wiki mbili nikaishia kuichukia hata kengele ya simu. Siku hizi nacheza muziki na watoto sebuleni jioni kabla hawajaoga. Sihitaji kujikumbusha, wao ndio wananikumbusha, tena kwa kelele.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukiziangalia kwa mkupuo zinatisha. Lakini mwongozo wake wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike angalau dakika 10, kwa hiyo ngazi za kazini zinahesabika, na kutembea haraka ukiongea na simu pia. Kujua kama ni wastani ni rahisi: unaweza kuongea, ila kuimba huwezi.

Misuli nayo inataka angalau siku 2 kwa wiki. Chuchumaa na kuinuka huku chakula kinachemka, inatosha kwa kuanzia.

Kama una mwenzi, kubalianeni zamu mapema: jioni hii yako, kesho yake. Zamu isiyotajwa huliwa na vyombo vya kuosha.