Namna ya Kufufua Ukingo wa Mto Mtaani ili Wakaazi Wapate Utulivu wa Akili

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyoifanya pamoja na kikundi cha vijana na akina mama wa Mathare, Nairobi, waliokuwa wakizoa taka ukingoni mwa mto kila Jumamosi huku wakishangaa kwa nini wakaazi hawaji kuketi pale. Swali lao limekwisha kufanyiwa utafiti. Katika jiji la Philadelphia, Marekani, viwanja 541 vilivyotelekezwa viligawanywa kwa kura katika mafungu matatu: vya kwanza viliondolewa taka, vikapandwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa ua mfupi wa mbao na kuhudumiwa kila mwezi, vya pili viliondolewa taka tu, vya tatu viliachwa jinsi vilivyokuwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba hisia za huzuni zilipungua kwa asilimia 41.5 miongoni mwa waliokaa karibu na viwanja vilivyopandwa nyasi, wakilinganishwa na wale ambao viwanja vyao havikuguswa, ilhali kuzoa taka peke yake hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Kinachotafutwa, basi, ni kijani kinachotunzwa, mahali ambapo mtu anaweza kuketi bila hofu.

Hatua ya 1: Pimeni eneo na mzungumze na wanaolitumia

Kanuni za mazingira za Kenya zinautambua ukanda wa mto kuwa usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko. Pimeni, mweke vigingi, kisha mtafute ruhusa ya maandishi kutoka kwa kaunti na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Msiwafukuze wanaolima sukumawiki, wanaoosha magari wala wanaookota chupa. Wao wapo pale tangu alfajiri, na wakiachiwa sehemu yao kwa makubaliano, ndio watakaokuwa walinzi wa miche yenu.

Hatua ya 2: Ulizeni hali ya watu kabla ya kupanda chochote

Tumieni fomu fupi ya Shirika la Afya Duniani iitwayo WHO-5, yenye maswali 5 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 5, na jumla huzidishwa kwa 4. Anayepata chini ya 50 aelekezwe kituo cha afya, kwa maana bustani si tiba ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Maswali yaulizwe na mhamasishaji wa afya ya jamii aliyezoea kutunza siri za watu. Rudieni maswali hayo mwezi uleule mwaka unaofuata, kwa kuwa Januari ya karo haifanani na Agosti.

Hatua ya 3: Zoeni taka

Hili mnalijua. Vaeni glavu nene na viatu vya mpira.

Hatua ya 4: Tulizeni ukingo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Chimbeni kwanza kwa chepe mwone mmesimama juu ya nini. Katika mitaa yetu mingi, futi chache za juu si udongo bali ni matabaka ya mifuko ya nailoni, vitambaa na majivu yaliyoshindiliwa kwa miaka, na mzizi ukiingia humo haupati cha kushika. Fukueni hadi mfikie udongo wenyewe. Pale isipowezekana, pangeni ngazi za magunia ya katani yaliyojazwa udongo, wala si ya nailoni, kwa sababu katani huoza wakati mizizi imekwisha kushika.

Kisha lazeni mteremko: kwa kila mita 1 ya kimo, acheni angalau mita 1.5 ya upana. Pandeni nyasi ya vetiva kwa mistari inayokata mteremko, si inayoshuka nao, miche ikiachana kwa sentimita 10 hadi 15. Naipendelea nyasi hii kuliko nyingine zote kwa kuwa mizizi yake hushuka wima hata mita 3, na aina inayopandwa haitoi mbegu za kuenea ovyo. Hata hivyo haipendi kivuli, kwa hiyo msiipande chini ya miti. Pandeni Oktoba, mvua za vuli zinapoanza, ili mizizi ishike kabla ya masika. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyabomoa makazi ya Mathare, na mche wa wiki tatu hauwezi kuhimili maji ya namna hiyo. Pale mto unapopinda na kula ukingo, vetiva peke yake haitoshi. Wekeni gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, na msingi wake uzame chini ya kitanda cha mto, maana maji huchimbua chini kwanza. Ukuta wa zege siupendekezi, kwa kuwa hulisukuma tatizo kwa jirani wa ng'ambo.

Mikaratusi msiipande kabisa. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Mianzi ni mizuri kwa udongo, lakini ikisongamana huficha watu, na mwanamke asipoona mbele hapiti. Ipandeni kwa mafungu yenye nafasi, mbali na njia.

Harufu nayo huondoa utulivu wote. Mimea haiwezi kusafisha majitaka mabichi, kwa hiyo fuateni mto kuelekea juu, mtafute bomba lililopasuka, mpige picha na kuripoti.

Hatua ya 5: Viti na njia

Mwageni viti vya zege papo hapo, kwa sababu vya chuma huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vielekezeni mtoni, kila kimoja kiwe na kitu mgongoni, na viwili viwili vikutane kwa pembe ili watu wazungumze bila kukodoleana macho. Nchini Zimbabwe, mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 huwaketisha bibi waliofunzwa kwenye benchi nje ya zahanati ili wawasikilize wenye mawazo mazito. Benchi lenu moja linaweza kutengewa mhamasishaji wa afya, kwa siku na saa zinazojulikana.

Hatua ya 6: Utunzaji

Andikeni zamu kwa majina, si kwa vikundi. Kateni nyasi kila mwezi, hata msimu ambao hakuna mgeni wala mfadhili anayekuja, na fedha za panga, toroli na mbegu zitoke kwenye chanzo chenu wenyewe, kama vile choo cha kulipia au kitalu cha miche.