Kutambua peni ya fedha ya askofu mkuu wa Canterbury, hatua kwa hatua

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni mtu kusoma upande mmoja, akaona jina la mfalme, akafunga kazi. Peni za Uingereza za karne ya 8 na ya 9 zinataka zisomwe pande zote mbili, maana askofu mkuu naye alikuwa na sarafu zenye jina lake.

Hatua ya 1: Ipime, usiisugue. Ishike kwa ukingo, maana fedha ya miaka 1,200 huvunjika kama biskuti. Tumia mizani ya sonara inayoonyesha hadi sehemu ya mia ya gramu. Yapata mwaka 792 au 793, Offa, mfalme wa Mercia (ufalme mmojawapo wa Uingereza ya zamani), aliongeza uzito wa peni kutoka karibu gramu 1.2 au 1.3 hadi karibu 1.4. Askofu mkuu Jaenberht alifariki mwaka 792, kwa hiyo peni zake ni za aina ile nyepesi. Sarafu ikiwa imemeguka, uzito hautakufaa, endelea mbele.

Hatua ya 2: Tafuta mwanzo wa maandishi. Mara nyingi huwa ni msalaba mdogo karibu na ukingo, na herufi huzunguka kufuata mwendo wa saa. Peni nyingine zina maandishi ya mistari. Leta taa kutoka ubavuni, si juu, ili vivuli vizichonge herufi. A mara nyingi haina mstari wa katikati, na D iliyokatwa kwa mstari husomwa "th".

Hatua ya 3: Soma cheo. REX ni mfalme. AREP au ARCHIEP ni askofu mkuu.

Hatua ya 4: Angalia kichwa, kama kipo. Wulfred, aliyekuwa askofu mkuu kuanzia 805 hadi 832, anakutazama usoni, utosi umenyolewa kitawa. Wafalme wa wakati huo huonyeshwa kwa ubavu. Naipenda sana sura hii: ukishaiona mara moja, hutaisahau.

Hatua ya 5: Sasa igeuze. Hapa ndipo penye utamu wote. Peni ya Jaenberht ina jina lake upande mmoja na OFFA REX upande wa pili, ingawa mwaka 787 Offa alilimega jimbo la Jaenberht na kumweka askofu mkuu mwingine Lichfield, mji wa Mercia. Mrithi wa Jaenberht, Æthelheard, naye aligawana sarafu na Offa, kisha na Coenwulf, mfalme wa Mercia baada ya Offa. Kwa Wulfred mfalme hayupo kabisa: utakuta herufi zilizosokotwa za jina la Kilatini la Canterbury, au jina la mfua sarafu, kama Saeberht. Wulfred na Coenwulf waligombana vikali juu ya nani atawale monasteri, lakini usiandike kwamba ugomvi huo ndio uliomfuta mfalme. Sarafu zisizo na mfalme zilianza kabla ya ugomvi huo.

Hatua ya 6: Andika uzito, kipenyo, maandishi herufi kwa herufi hata zilizokosewa, na mahali ilipookotwa.

Ukifika kwa Plegmund, aliyeanza mwaka 890, ndiye wa mwisho mwenye jina kwenye sarafu. Baadaye, katika karne ya 10, sheria ya mfalme Æthelstan wa Uingereza ilitambua wafua sarafu 7 Canterbury: 4 wa mfalme, 2 wa askofu mkuu, 1 wa abati, yaani mkuu wa monasteri. Lakini peni zao zote zina jina la mfalme, na kwa macho huwezi kuzitenganisha.