Somo: Kuchagua kitako kipya cha bunduki ya kupigia koyote na kindi wa mashimo

Habari zenu wakuu. Maswali ya vitako yamekuwa mengi, nimeona niyajibu kwa pamoja. Kitako hapa ni lile umbo lote la mbao au plastiki linalobeba bunduki, kuanzia begani hadi chini ya mtutu. Naongelea bunduki ya boliti (chuma unachovuta kwa mkono kufungua na kufunga chemba) yenye mtutu mnene, ya kaliba za .223 Remington, .204 Ruger au .22-250, ile ambayo huku Marekani hutumika kupunguza wanyama waharibifu mashambani. Kuna kindi wa mashimo (prairie dog) wanaotoboa malisho ya ng'ombe kule Dakota na Wyoming, na kuna koyote, wanaofanana na mbweha, wanaovizia wana-kondoo. Mifano yangu mingi ni ya Remington 700. Bunduki hiyo ipo sokoni tangu 1962 na sijui nyingine yenye vitako vingi vya kuchagua kama hiyo.

Hatua ya 1: Unapiga ukiwa umekaaje?

Watu wengi huanzia kwenye rangi. Anza na mwili wako.

Mtu wa kindi huketi mezani au hulala kifudifudi, bunduki iko juu ya mfuko wa mchanga, na anaweza kufyatua risasi mia kadhaa kwa siku moja. Huyu anataka kitako kizito, chenye sehemu ya mbele pana na bapa chini, inchi mbili na zaidi, ili bunduki isiyumbe kwenye mfuko. Uzito unamsaidia kwa jambo jingine pia: bunduki hairuki, kwa hiyo anaona kwenye darubini risasi ilipotua na kujirekebisha mwenyewe bila kumuuliza mwenzake. Matundu ya pembeni yanayopitisha hewa kwenye mtutu si mabaya, lakini usiyategemee. Mtutu ukishakuwa wa moto, dawa ni kuuacha upoe.

Mtu wa koyote anatembea. Anavuka uzio, anaegemea nguzo, anapuliza kipenga chenye kilio cha sungura ili kuwavuta, anangoja robo saa, kisha anahamia bonde jingine. Ukimpa kitako cha mezani atakuchukia kufikia saa nne asubuhi. Yeye anataka chepesi, chembamba mbele, kinachojaa mkononi na kukaa vizuri kwenye fimbo za kuegemezea.

Wanaotaka kimoja cha kazi zote mbili, nawashauri wachukue cha katikati na waongeze baipodi, yaani miguu miwili ya kusimamishia bunduki mbele. Hakikisha tu kina vishikizo viwili mbele, kimoja cha mkanda na kimoja cha baipodi.

Hatua ya 2: Ijue bunduki yako kwa undani

Kabla ya kuagiza, andika haya kwenye karatasi: mwili wa bunduki, yaani kile chuma kinachobeba boliti na chemba, ni mfupi au mrefu (kaliba nilizotaja zote hukaa kwenye mfupi), wa mkono wa kulia au wa kushoto, tumbo lake likoje. Remington 700 ya ADL haina mlango chini, BDL ina kifuniko chenye bawaba, na nyingine zina magazini ya kuchomoa. Kitako cha ADL hakipokei vyuma vya BDL bila kuchongwa.

Kisha mtutu. Mfereji wa kitako uliochongwa kwa mtutu mwembamba hautapokea mtutu mnene. Kwa mbao unaweza kuupanua kwa msasa uliozungushiwa kijiti cha mviringo. Ukinunua mfereji mpana kwa mtutu mwembamba utabaki na pengo la kuingiza majani na matope. Wenye Savage, pimeni umbali kati ya skrubu mbili za mwili, katikati ya hii hadi katikati ya ile, maana matoleo yanatofautiana na jina la bunduki peke yake halitoshi.

Hatua ya 3: Malighafi

Mbao ya jozi inapendeza, ila hufuata hali ya hewa. Ikinywa unyevu hujipinda, na ikigusa mtutu, shabaha inahama. Mbao za tabaka zilizogundishwa hazina kiburi hicho. Ni nzito, zimetulia, na bei yake haitishi. Boyds wa Mitchell, South Dakota, wanazitengeneza kwa wingi. Kwa mtu wa kindi mwenye bajeti ya kawaida, mimi ningeishia hapo.

Plastiki ya kumimina, ile inayokuja na bunduki za bei nafuu, ndiyo inayowafanya wengi watafute kitako kipya. Shika sehemu ya mbele pamoja na mtutu, bana kwa vidole. Ukiona pengo linafunga, basi hata baipodi italifunga.

Faibaglasi ni nyepesi na ngumu. McMillan wana jina kubwa hapo, na H-S Precision wa Rapid City huweka bloku ya alumini ndani ambayo mwili wa bunduki unakaa juu yake. Zipo pia fremu za alumini tupu. Zinafunga vizuri, zinarekebishika kila upande, lakini jaribu kuweka shavu juu ya chuma asubuhi ya Januari huko North Dakota ndipo uniambie.

Hatua ya 4: Kipimo cha mwili

Urefu kutoka triga hadi mwisho wa mpira wa begani, viwandani huwa karibu inchi 13.5. Upime ukiwa na jaketi utakalovaa siku ya kazi. Koti la baridi linakula nafasi, na mtu anayewinda Januari mara nyingi huhitaji kitako kifupi kuliko anachokidhania dukani.

Shavu ndilo muhimu zaidi. Darubini yenye kioo cha mbele cha milimita 50 hukaa juu, na kitako cha kawaida kinakuacha ukining'iniza kidevu hewani. Fumba macho, weka bunduki begani kama kawaida, laza shavu, fumbua. Ukiona kivuli cheusi pembeni mwa duara, au ukilazimika kuinua kichwa, egemeo la shavu ni fupi. Ila likiwa refu mno linaziba njia ya boliti, hivyo vuta boliti mpaka itoke kabisa kabla hujaridhika.

Hatua ya 5: Kufunga

Toa risasi, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, toa boliti. Fungua skrubu, inua mwili wa bunduki. Ukiwa umeshafika hapo, iangalie na triga: Remington waliziita zirudi kiwandani triga za X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014, na bunduki nyingi za mitumba ni za miaka hiyo.

Laza mwili kwenye kitako kipya, simamisha bunduki wima kwa kitako ili ulimi wa kuzuia teke (kipande cha chuma kinachokita kwenye kitako bunduki inaporudi nyuma) ukae mahali pake, kisha kaza kwa vidole. Rudisha boliti, ifunge na kuifungua. Ikikwama ghafla, huenda skrubu ya mbele ni ndefu na inagusa ndani. Malizia kwa bisibisi ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Penye bloku ya alumini, H-S Precision wanataka paundi-inchi 65. Mbao isiyo na nguzo za alumini inataka pungufu ya hapo, soma karatasi ya mtengenezaji.

Sasa weka kidole pale mtutu unapokutana na ncha ya kitako, mwenzio alegeze skrubu ya mbele. Ukihisi mtutu umeruka, mwili ulikuwa umepindishwa, na kitako kinahitaji kulazwa kwa epoksi, yaani gundi ngumu inayojaza mianya ili mwili ukae sawa. Mwisho pitisha karatasi chini ya mtutu hadi kwenye mwili; ikikwama, mtutu unagusa kitako. Upya wa kitako si kisingizio cha kutorekebisha darubini: nenda kiwanjani ukaipige upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Iowa: Mkuu, nina Tikka T3x. Nimepata kitako cha mitumba lakini sioni ulimi wa kuzuia teke kwenye bunduki. Umevunjika?

Haujavunjika, kaka. Kwenye Tikka ulimi ni kipande cha pekee kinachokaa ndani ya kitako na kuingia kwenye mfereji ulio chini ya mwili. Muulize aliyekuuzia kama kilibaki kwake. Usipige risasi hata moja bila hicho kipande.

Mwanachama wa Minnesota: Siwezi kununua kipya sasa. Cha plastiki naweza kukiimarisha?

Unaweza, dada. Watu hukata mishale ya kaboni, huilaza kwenye vyumba vya ndani vya sehemu ya mbele na kumwagia epoksi. Kwaruza plastiki kwanza kwa msasa mkali, maana ikiwa laini gundi haishiki. Egemeo la shavu unaweza kulitengeneza kwa sponji ngumu na utepe, halina aibu yoyote.

Mwanachama wa Texas: Nipo kwa viza ya mwanafunzi. Kitako nimeagiza kwa posta bila kuulizwa chochote. Niko salama?

Kitako peke yake si silaha kwa sheria ya serikali kuu, ndiyo maana hukuulizwa. Bunduki na risasi ni habari nyingine: mwenye viza ya muda amekatazwa kuwa nazo, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Ipate hiyo leseni kwanza, na muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa bunduki.

Mwanachama wa Ohio: Shemeji yangu Arusha ana bunduki yenye leseni, anataka nimpelekee kitako kwenye begi.

Usipakie bado. Marekani ina masharti ya kusafirisha vipuri vya silaha nje, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Shemeji aanzie polisi, kwa wanaoshughulikia leseni yake, apate jibu la maandishi.