Kubana matumizi kwa kufuata mwezi wa angani: tunavyofanya nyumbani kwetu Mwanga, Kigoma

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni seremala. Nyumbani tuko sita: sisi wawili, mama mkwe na watoto watatu. Pesa yetu haina tarehe. Leo mtu kachukua sare mbili za shule, kesho hakuna hata wa kushonesha kifungo. Kwa hiyo ushauri wa "mshahara ukitoka weka pembeni asilimia fulani" sisi haukutufaa, maana mshahara wenyewe haupo.

Nilianza kama wengi wanavyoanza, kwa kupunguza. Sukari kijiko kimoja, nyama mara moja kwa mwezi, mboga bila mafuta. Baada ya miezi miwili watoto wamenuna, mama mkwe ananiuliza kwa upole kama kuna tatizo tunamficha, na akiba hamna. Ndipo nikashika daftari, nikagundua kwamba hatukuwa tunakula sana, tulikuwa tunanunua vibaya. Mawese ya kipimo kidogo, mkaa wa kopo, dagaa wa fungu. Anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote sokoni, na mara nyingi ndiye mwenye pesa kidogo kuliko wote.

Hatua ya 1: Andika wiki mbili bila kubadilisha kitu

Daftari la watoto la kurasa chache linatosha. Kila jioni andika kilichonunuliwa, kiasi na bei. Usianze kujibana siku hiyo hiyo, maana utakuwa unaandika maisha ya mtu mwingine. Andika hata vocha, hata karanga za njiani.

Zikiisha wiki mbili, gawa vitu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vinavyooza: nyanya, samaki wabichi, mboga za majani. Hivyo endelea kununua kila siku. Fungu la pili ni vinavyokaa: dagaa wakavu, mawese, maharage, chumvi, sabuni, mkaa. Fungu hili ndilo lenye pesa yako.

Kwetu mkaa ndio ulionishtua. Makopo mawili kwa siku, shilingi 1,000 kila kopo, ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Gunia kipindi kile nilikuwa ninapewa kwa 30,000 na likatufikisha wiki tatu. Piga hesabu kwa bei za mtaani kwenu, utaona pengo.

Hatua ya 2: Kila kitu kinachokaa kipe kibubu chake

Mume wangu alitengeneza vibubu vitatu kwa mabaki ya mbao, akavipigilia misumari kabisa. Kimoja kimeandikwa DAGAA, kingine MKAA, kingine MAWESE. Kila siku ya kazi kila kimoja kinapata chochote, hata shilingi 300. Ukiandika "akiba" juu ya kibubu utakivunja mtu akija kuomba nauli. Kikiandikwa DAGAA mkono unasita.

Wengine watakwambia weka kwenye simu. Kwa pesa kubwa sawa, ni salama kuliko mbao. Kwa vijisenti vya kila siku, makato ya kutoa yanakula kile ulichokikusanya. Kikoba nacho nakipenda na nimo, lakini kikoba kinagawa mwisho wa mwaka, na dagaa hawasubiri mwisho wa mwaka kushuka bei.

Hatua ya 3: Jifunze giza

Hapa ndipo Kigoma inatofautiana na Dodoma au Iringa. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Taa inavuta wadudu wadogo wa majini, dagaa wanafuata chakula, wavu unawasubiri chini. Lakini mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, taa ya kipe, chombo cha kuvulia dagaa, inakuwa haina maana, dagaa wanatawanyika. Siku hizo vipe vingi vinakaa ufukweni, wavuvi wanashona nyavu na kulala. Ndiyo maana ukienda mwaloni, pale vyombo vya uvuvi vinaposhushia samaki, utasikia watu wanaongea habari za "giza" kama wakulima wanavyoongea habari za mvua.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii: bei ya dagaa inapumua na mwezi. Mwezi mpevu, dagaa haba, bei juu. Giza likikolea, dagaa wanamwagika, bei inalegea.

Huna haja ya programu ya simu kujua giza. Ujiji wamejaa watu wenye kalenda ya Kiislamu ukutani, na kalenda hiyo inafuata mwezi. Tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo wanaofunga sunna wanazijua vizuri, ndizo siku za mwezi mpevu. Usinunue dagaa wa akiba siku hizo. Nenda kuanzia kama tarehe 25 hadi mwezi mpya ukiwa na siku tatu au nne. Usiende siku ya kwanza ya giza, kwa sababu dagaa wanahitaji kuvuliwa, kuanikwa na kukauka, na siku ya kwanza wachuuzi wa mbali nao wanakimbilia wachache waliopo.

Kuna jambo la pili. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kabla hujapanga ununuzi wa katikati ya mwaka, waulize watu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, pale mwaloni ziwa linafungwa lini. Sisi mwaka ule tulinunua giza la mwanzoni mwa Mei, tukala dagaa wa zamani wakati majirani wanahangaika.

Hatua ya 4: Mkague dagaa kabla hujafungua pochi

Nilishaumia hapa. Mwaka mmoja, masika, nilibeba nusu gunia kwa furaha ya bei. Siku ya tisa nikafungua, ukungu mweupe umetanda kama unga. Nikamwaga wote nyuma ya nyumba, na hata paka wa jirani alinusa akaondoka. Muuzaji hakunificha kitu. Mimi ndiye sikuangalia.

Siku hizi nafanya hivi, iwe mwalo wa Kibirizi au wa Katonga. Nazamisha mkono mpaka katikati ya gunia, maana wa juu wamepigwa jua na wa katikati ndio wenye siri. Ukihisi ubaridi, unyevu bado upo. Natoa mmoja, namkunja. Aliyekauka anakatika kwa mlio mdogo. Anayejikunja kama kamba, mwache hapo hapo. Kisha rangi: dagaa mzuri ana rangi ya fedha ubavuni, ila aliyenyeshewa au kukaa sana amegeuka njano ya kutu na ana harufu ya mafuta yaliyochacha. Mwisho nachukua kiganja, nachekecha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine juu ya kanga. Mchanga ukidondoka, hao wameanikwa chini. Wa kwenye chanja ni ghali kidogo, lakini wa mchangani unalipia kilo za ufukwe, halafu unaosha kwa maji matatu na bado jino linasaga.

Ukifika nyumbani waanike tena saa mbili juani, wapoe kabisa kivulini, ndipo uwatie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Ukiwafunika wakiwa na joto watatoa jasho, na jasho ndilo linaloleta ukungu. Kila wiki mbili watoe tena juani. Kwetu wanakaa miezi mitatu bila shida.

Hatua ya 5: Mawese kwa dumu

Mawese ya chupa ndogo ni ya dharura. Nunua dumu la lita 20, ukishindwa gawaneni wawili. Yaangalie yakiwa yametulia: mafuta mazuri yanajitenga, mekundu maangavu juu na mazito chini. Omba kijiko ukachemshe. Yakipasuka-pasuka na kuruka, yana maji, na mawese yenye maji yanachacha upesi. Kama umeshayanunua, yapashe kwa moto mdogo mpaka kelele ziishe, yapoe, uyarudishe kwenye dumu kavu. Weka gizani, usichote kwa kijiko chenye maji.

Ila acheni ile tabia ya kuyaunguza mpaka yawe meupe eti yapoteze harufu. Ule wekundu ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Unalipia kitu halafu unakichoma. Sombe, yaani kisamvu, yenye mawese mekundu na dagaa kidogo, kwa ugali wa muhogo, mgeni wa Dar es Salaam atakuomba uongeze.

Hatua ya 6: Maharage kwa gunia, moto kwa nusu saa

Maharage yakitoka shambani Kasulu na Buhigwe bei inakuwa ya kuongea. Adui ni wadudu. Yakaushe vizuri, tia kwenye mifuko ya kuhifadhia nafaka yenye tabaka tatu, funga kila tabaka peke yake kwa nguvu. Wadudu wanamaliza hewa iliyomo ndani, wanakufa. Ukiwa na tabia ya kufungua kila siku uchote kikombe, mfuko huo haukusaidii, kwa hiyo toa ya wiki tatu kwa mara moja.

Sasa mkaa. Kuchemsha maharage saa tatu jikoni ndiko kulikokuwa kunatumaliza. Nilichofanya ni kapu la kutunza joto, na kwa fundi cherehani halikunigharimu kitu. Chukua kapu kubwa la milala, sufuria yako kubwa iingie na ibaki nafasi ya upana wa kiganja kila upande. Shona mito miwili, ujaze mabaki ya vitambaa yaliyokatwakatwa. Mmoja mrefu wa kuzunguka ndani pamoja na chini, mwingine wa duara wa kufunika juu. Joto linatorokea kwenye mwanya, kwa hiyo mto wa juu ukae kwa kubana.

Loweka maharage usiku, mwaga maji yale. Yachemshe kwa maji mapya, yatokote kwelikweli nusu saa huku umefunika. Usifupishe hapo: maharage, hasa mekundu, yana sumu inayokufa kwa kutokota, na uvuguvugu wa kapu hauiwezi. Kisha toa sufuria bila kufungua mfuniko, zamisha kapuni, bana mto juu, nenda kashone. Baada ya saa nne yameiva. Yarudishe motoni na kitunguu na mawese, yatokote tena, mle. Usilaze chakula kapuni usiku kucha, kitachacha.

Mara ya kwanza mama mkwe alikuja kufungua kila nusu saa kuangalia, na maharage yakabaki magumu kama kokoto. Sasa yeye ndiye anayegombeza watoto wasisogelee kapu.

Mkaa uliobaki jikoni usiumwagie maji. Utie kwenye debe lenye mfuniko, utazimika kwa kukosa hewa, kesho unawaka haraka. Mimi kabla ya kuuzima naujaza kwenye pasi ya mkaa nanyoosha nguo za wateja. Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale chumbani mnamolala, hata kukiwa na baridi ya Juni.

Hatua ya 7: Umeme, kwa kifupi

Kwa mteja wa nyumbani aliye daraja la chini, la matumizi madogo, uniti 75 za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na ya 76 inaanza kuhesabiwa shilingi 350. Kwa hiyo lengo letu ni kutovuka 75. Andika namba ya mita kila Jumapili. Ukinunua umeme mara ya kwanza katika mwezi wa kalenda ukapata uniti chache, usimgombeze wakala, kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Hatua ya 8: Msiende mwaloni mmoja mmoja

Tuko wanawake watano wa mtaa huu, tuna mchezo. Kila mmoja anatoa shilingi 5,000 kwa wiki, lakini hatupokezani. Inakaa kwa mmoja wetu mpaka giza, kisha wawili wanakwenda na 100,000 yote ya wiki nne. Mwenye 100,000 mkononi anaongea na mwenye gunia mwenyewe. Anayeuza mafungu tunampita tukimsalimia. Wa kwenda tunabadilishana, ili wote wajue kukagua na asiwepo wa kusema aliibiwa.

Wakirudi tunatandika turubai barazani kwangu. Tunapima kwa sado moja, ile ile kila mwezi, tunasawazisha juu kwa rula yangu ya kukatia nguo. Anayepima anachukua fungu la mwisho, kwa hiyo anapima sawasawa bila kuambiwa. Vichwa na vumbi la chini ya gunia anachukua mwenye kuku, analipa kwa mayai mawili kwa kila mmoja. Giza lijalo zamu yangu kwenda, na kibubu cha DAGAA nimekitikisa asubuhi hii, bado chepesi kidogo.